Nani Alisema Mguu Ukiteguka Lazima Barafu?

Enda uwanja wowote wa mtaa hapa Nakuru Jumapili jioni, iwe Kaptembwo, Rhonda ama Free Area, ungoje tu dakika ishirini. Kuna msee atakanyaga shimo na mguu utapinduka. Hizi viwanja zetu si za kuchezewa, ni za kuombewa. Akishalala chini ameshika kifundo, watu wanagawanyika kambi mbili kama bunge. Kambi ya kwanza inatuma mtoto dukani akalete barafu, na kwa sababu hakuna mtu mtaani anauza barafu ya hospitali, mtoto anarudi na zile za shilingi kumi, za juisi nyekundu, zimefungwa kwa karatasi. Kambi ya pili inasema hapana, apelekwe kwao akandwe na maji moto ya chumvi. Kambi ya kwanza inacheka. Ati huo ni ushamba, hayo ni mambo ya shosho, sayansi inasema barafu.

Mimi hiyo "sayansi inasema" ndiyo ilinikera. Ilisema lini? Kupitia nani? Nikaanza kufuata hii barafu nyuma, na vile niliendelea kusoma ndivyo ile kicheko ya kambi ya kwanza ilizidi kukosa maana.

Hiyo kanuni ya barafu kama tunavyoijua ina mwaka wa kuzaliwa. Ni 1978, mwaka ule ule Mzee Kenyatta alifariki na Moi akaingia Ikulu. Daktari mmoja Mmarekani, Gabe Mirkin, ambaye pia alikuwa mkimbiaji wa marathoni, alitoa kitabu akiwa na mwandishi Marshall Hoffman, kinaitwa The Sportsmedicine Book. Ndani yake akaweka herufi nne zinazosomeka kama neno la Kiingereza la mchele: RICE. Maana yake pumzika, weka barafu, funga, inua. Basi. Herufi nne rahisi, zinakaa kichwani, zinaingia kwa bango la ukutani. Walimu wa michezo wakazichukua, makocha wakazichukua, vitabu vya huduma ya kwanza vikazichukua, zikafika hadi kwa yule dogo anayetumwa dukani. Sasa piga hesabu. Shosho yako 1978 alikuwa na miaka mingapi? Wangu alikuwa ashazaa watoto wanne na ashakanda vifundo vya wote.

Sisemi baridi yenyewe ni kitu ya juzi. Maandishi ya Wagiriki yanayopewa jina la Hipokrati, ya zaidi ya miaka 2000 iliyopita, tayari yanasema maji baridi mengi yakimwagwa kwenye kiungo kilichoteguka yanapunguza maumivu na uvimbe. Na mtu yeyote aliyelelewa karibu na mto anajua kuingiza mguu kwa maji ya asubuhi kunatuliza. Lakini kutuliza ni kitu moja, kuponya ni ingine, na hapo ndipo mambo yalichanganywa. Kuna wanaoamini kwamba watu wa kawaida Marekani walianza kuiona barafu kama dawa baada ya Mei 1962, wakati kijana wa miaka 12, Everett Knowles, alikatwa mkono na treni karibu na Boston. Madaktari wa Massachusetts General Hospital waliurudisha ule mkono ukashika, na habari ikazunguka dunia. Kabla ya upasuaji ule mkono ulikuwa umewekwa kwa barafu. Ukifikiria vizuri, barafu pale ilikuwa inazuia nyama iliyokatika isiharibike, vile unaweka nyama kwa friji. Kifundo chako hakijakatika. Kiko na damu inatembea. Lakini watu wakisikia hadithi ya muujiza hawaulizi maswali kama hayo.

Sasa turudi huku Bonde la Ufa, kwa sababu hapa ndipo wale wa "ushamba" wananichekesha zaidi. Wanaongea ni kama shosho alikataa barafu. Barafu alikuwa nayo wapi? Mashine za kupoesha kwa wingi zilikuja sehemu hizi na biashara ya maziwa. KCC ilianzishwa 1925 na wakulima wazungu, Naivasha hapo chini, na kilichokuwa kinawekwa baridi ilikuwa siagi na krimu za masetla. Kifundo cha mtu aliyekuwa analima pareto Molo ama kukamua ng'ombe Njoro hakikuwa kwa hiyo mpango. Na hospitali nazo enzi hizo ziligawanywa kwa rangi ya ngozi. Skwota akiteguka shambani, daktari wake ni mama yake, ama yule mzee ama mama wa kijiji anayejua kukanda na kurudisha viungo. Ndiyo maana kila kabila hapa liko na huyo mtu. Uliza shosho, uliza kogo, uliza nyanya aliyetoka Kisii, kila mmoja atakutajia jina. Ile sufuria ya maji ya chumvi kila mtu alikuwa anaweza kuipata, na moto ulikuwa unawaka tayari.

Na kuna viumbe vingine vya Njoro vilivyokuwa vinapata matibabu ya misuli kila siku, tena kwa bidii: farasi. Hii sehemu ya historia yetu watu hawaiongelei. Masetla walipenda mbio za farasi kupita kiasi. Charles Clutterbuck alikuwa na shamba Njoro akifunza farasi wa mashindano, na binti yake ni Beryl Markham, yule ambaye baadaye mwaka 1936 alivuka Atlantiki peke yake kwa ndege akitoka Uingereza kuelekea magharibi. Kabla ya ndege alikuwa mkufunzi wa farasi, na katika kitabu chake cha 1942, West with the Night, anasimulia kuhusu farasi wake Wise Child, jike aliyekuwa na kano dhaifu za miguu, na bado akashinda mbio za St Leger Nairobi mwaka 1926. Pembeni yake alikuwepo rafiki yake wa utotoni, Kibii, aliyekuja kuitwa arap Ruta. Masaisi kama hao, vijana wetu wa Bonde la Ufa, ndio walikuwa wanashinda na farasi wa masetla, wanawasugua, wanawafunga bendeji miguuni, wanawatembeza polepole baada ya mbio. Yaani kazi ya fisio wa michezo ilikuwa inafanyika hapa Njoro miaka mia moja iliyopita. Ni vile mgonjwa alikuwa na kwato.

Nataja farasi kwa sababu ya ile harufu. Mnajua harufu ya chumba cha kubadilishia nguo kabla ya mechi, ile inachoma pua? Babu yake alitoka kwa zizi. Uingereza, kule Slough, kulikuwa na dawa ya kuchua inaitwa Elliman's, iliyoanza kuuzwa 1847, na ilikuwa na chupa za aina mbili: moja ya watu, ingine ya wanyama. Mchanganyiko wake ulikuwa mayai, siki na tapentaini. Mayai, buda. Halafu mwanzoni mwa miaka ya 1900 kule Leeds ikaja Zam-Buk, ile ile ya kopo dogo la kijani ambayo mathe anaweka kwa midomo iliyopasuka. Australia na New Zealand iliingia viwanjani hadi yule mtu wa huduma ya kwanza anayekimbia ndani ya uwanja akaanza kuitwa "zambuck". Deep Heat, Robb, Kaluma, zote zimefuata njia hiyo hiyo. Kwa hivyo msee anayejipaka Deep Heat halafu anacheka maji moto ya shosho, wewe na shosho mko kambi moja, ni vile tu yako iko na kifuniko.

Na hizo dawa za kupaka zinafanya nini hasa? Nyingi ziko na mentholi ya mnanaa na kemikali ya ukoo wa aspirini. Zinawasha ngozi, na ubongo ukishughulika na huo moto unasahau kidogo maumivu ya ndani. Mwaka 1965 Ronald Melzack na Patrick Wall walieleza wazo la kwamba kwenye uti wa mgongo kuna kitu kama lango, na ujumbe wa kuguswa na kusuguliwa unaweza kulifunga kidogo ili ujumbe wa maumivu usipite wote. Ndiyo maana ukigonga kidole kwa meza unakishika na kukisugua kabla hata hujafikiria. David Julius alipata Nobel 2021 kwa sehemu kwa kuonyesha vile neva zinatambua ukali wa pilipili, na kazi yake ilifika pia kwa ubaridi wa mentholi. Kwa hivyo mkono wa shosho una kazi yake. Unapunguza maumivu, haya si mawazo tu. Lakini kano iliyovutika haijapona kwa sababu ngozi imewaka.

Saa hii narudi kwa Mirkin, kwa sababu hadithi yake haikuisha 1978.

Mwaka 2014, karibu miaka arobaini baada ya kitabu, huyo mzee mwenyewe aliandika kwamba barafu na kupumzika kabisa vinaweza kuchelewesha kupona. Alieleza kwamba ule uvimbe na joto linalokuja baada ya kuumia ni mwili umetuma mafundi kazini, na ukiziba mishipa ya damu kwa baridi kwa muda mrefu unawafungia mafundi mlango. Bado alikubali barafu ya dakika chache, mapema, kwa ajili ya maumivu. Fikiria hiyo. Mtu aliyetunga kanuni alikuja akairekebisha hadharani, na sisi huku bado tunaitumia kucheka mashosho.

Na wengine walikuwa wametangulia. Tangu miaka ya 1930 kule Vienna, Hans Kraus, daktari aliyependa kupanda milima na ambaye baadaye alikuja kumtibu mgongo Rais Kennedy, alikuwa anapulizia vifundo vilivyoteguka dawa ya kufanya ngozi ife ganzi, halafu anamwambia mgonjwa asogeze mguu. Asogeze hapo hapo, polepole, asilale. Watu hawakumsikiza sana, herufi nne za mchele zikaja zikashinda. Lakini mwaka 2012 wataalamu waliandika wakitaka neno "pumzika" lipunguzwe na mahali pake pawekwe kuupa mguu mzigo kidogo kidogo. Na 2019 watu wawili wa Kanada, Blaise Dubois na Jean-François Esculier, wakaleta kanuni ndefu zaidi ambayo barafu haimo kabisa. Inasema siku za kwanza ulinde mguu, uuinue, uufunge, na usikimbilie dawa za kuzuia uvimbe. Halafu baada ya hapo uanze kuupa mzigo, utembee, ufanye mazoezi, na uwe na matumaini. Hiyo ya matumaini wameiandika kabisa kama sehemu ya tiba.

Ukisoma hiyo orodha halafu ukumbuke vile ulitibiwa nyumbani ukiwa mdogo, inashangaza. Mguu ulifungwa na leso. Uliwekwa juu ya stuli ukiangalia televisheni. Uliambiwa utapona, usilie, hata baba yako aliwahi kuteguka akaenda shule kesho yake. Siku ya tatu ulitumwa dukani hata kama unachechemea. Nani alikuwa na kitabu? Na hata wakimbiaji wetu wa Iten, Kaptagat na Nyahururu, siku baada ya mazoezi magumu hawalali kitandani, wanatoka mbio za polepole hadi baiskeli ya maziwa inawapita. Hata zile blada za tyubu ya baiskeli wachezaji wanafunga ndani ya soksi, siku hizi kuna mipira karibu sawa na hiyo inauzwa mitandaoni kwa bei ya jezi, imeandikwa maneno ya kitaalamu.

Lakini nisieleweke vibaya, maana najua kuna mtu ashaanza kuchemsha maji. Shosho ako na kosa moja kubwa, nalo ni saa. Siku ya kwanza na ya pili mishipa midogo ya damu pale ndani imepasuka na bado inavuja. Ukileta maji moto na kukanda kwa nguvu hapo unafungua mfereji, uvimbe unaongezeka, na mtu anapiga nduru ndiyo aambiwe dawa inaingia. Hizo siku mbili ni za kufunga, kuinua na kuacha. Kama maumivu ni makali, kitu baridi dakika kama kumi, kiwe ndani ya kitambaa kisichome ngozi, inatosha. Hata ile pakiti ya juisi nyekundu ni sawa. Maji moto yaje baadaye, uvimbe ukishatulia, wakati kiungo kimekakamaa na unataka kukilainisha ndiyo usogee. Hapo shosho ni bingwa, na mimi siwezi kumpinga.

Kitu inaniogopesha zaidi ya maji moto ni zile vidonge. Ibuprofen ilianza kuandikiwa wagonjwa Uingereza 1969, na 1983 ikaanza kuuzwa huko bila karatasi ya daktari. Diclofenac ilitengenezwa Uswisi 1973. Ni dawa nzuri, zimesaidia watu wengi. Lakini huku kwetu "Brufen" na "Diclo" zimekuwa kama peremende. Nimeona vijana wakizimeza kabla ya mechi, kabla hawajaumia, na wengine wakitafuta sindano ya Diclo ili mguu uliovimba Ijumaa ucheze Jumapili. Unacheza dakika tisini kwa mguu ambao umenyamazishwa. Maumivu yalikuwa yanakwambia kano haijashika, ukayafunga mdomo. Na ukiwa umetoka jasho, huna maji mwilini, hizo dawa zinapiga figo na tumbo. Shosho na sufuria yake hajawahi kugusa figo ya mtu.

Halafu kuna ile ya maana kuliko zote, na hapa siongei historia ya mbali. Najua msee wa mtaa wetu aliyeanguka akicheza boli mwaka juzi. Alikandwa wiki tatu. Nyumbani walisema ni kuteguka tu, hospitali ni pesa, na kwa kweli pesa haikuwepo. Ilikuwa imevunjika. Ilipokuja kuonekana kwenye eksirei mfupa ulikuwa umeanza kushika vibaya, na leo anatembea akivuta mguu na viatu vyake vya boli aliviuza. Hakuna mtu alimtakia mabaya. Walikuwa wanafanya ile kitu imefanya kazi kwa familia miaka sitini, kwa sababu mara nyingi kweli ni kuteguka tu.

Kuna kazi moja ya historia ningependa ijulikane mtaani vile RICE inajulikana, na haijulikani. Mwaka 1992 huko Ottawa, Kanada, Ian Stiell na wenzake walitaka kupunguza picha za eksirei zisizo na maana, kwa sababu vifundo vingi vilivyokuwa vinapigwa picha havikuwa vimevunjika. Wakatafuta dalili chache za kuangalia kwa mkono na macho tu. Hakuna mashine, hakuna betri. Bonyeza ile mifupa miwili iliyotokeza pande zote za kifundo, upande wake wa nyuma kuanzia ncha ya chini ukipanda kama upana wa vidole vitatu hadi vinne. Bonyeza pia mfupa uliotokeza katikati ya ukingo wa nje wa wayo, upande wa kidole kidogo, na ule wa ndani juu ya uvungu wa wayo. Ukipata uchungu mkali juu ya mfupa wenyewe, si kwa nyama laini ya pembeni, enda hospitali. Halafu jaribu kutembea hatua nne. Kuchechemea ni sawa. Kama hukuweza hatua nne ulipoumia, na bado huwezi baadaye, enda hospitali. Na mguu ukiwa umepinda, ama vidole vimekuwa baridi na vimekufa ganzi, hiyo hata usijaribu kutembea, enda. Mtoto mdogo, ama mtu aliyekuwa amelewa wakati akiumia, usimpime hivyo, mpeleke tu aangaliwe.

Hiyo inaweza kuandikwa nyuma ya tiketi ya matatu. Yule msee wetu angeshindwa hatua ya kwanza pale pale uwanjani.

Kwa yule ambaye ni kuteguka tu, kuna kitu moja zaidi watu wanaacha, na ndiyo maana mguu ule ule unapinduka tena kila msimu. Kano ikishavutika, kifundo kinasahau kiko wapi. Maumivu yameisha lakini akili ya mguu haijarudi. Ukiweza kusimama bila uchungu, simama na huo mguu mmoja asubuhi ukipiga mswaki, karibu na ukuta usianguke. Ukizoea, funga macho. Fanya hivyo wiki kadhaa kabla hujarudi kwa yale mashimo ya Kaptembwo, na kama shosho yuko hapo mlangoni anakuuliza unafanya nini umesimama kama heroe wa ziwani, mwambie ni dawa.